Mnakwenda kwa Nani?

Siku moja haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu. Nilikuwa nimesimama juu ya mlima, ndani ya ukungu, nimeishika keria ya baiskeli ya mume wangu kwa mikono miwili, naye ameshaweka mguu mmoja kwenye pedali. Mbele yake barabara ilikuwa inaporomoka. Baiskeli haikuwa na breki. Ningeiachia, nadhani wewe ungelelewa na shangazi mjane. Kaa hapo kwenye kigoda, weka simu mfukoni, nikueleze tulifikaje kule sisi watu wa tambarare. Sijakuita nikugombeze. Kugombeza nitagombeza, lakini mwishoni.

Mume wangu Mabula wewe ulimkuta ni mzee wa kukohoa na kulalamikia chumvi. Hukumwona kijana. Alikuwa mtu wa Kimali, kule Meatu, na utoto wake aliumaliza akichunga ng'ombe kwenye kilima kimoja ambacho, asubuhi ya baada ya mvua, ukitazama mashariki unaona mstari wa buluu kwa mbali. Ni milima. Alimuuliza baba yake kule kuna nini. Baba yake akamjibu, "Kule huna ng'ombe." Yaani mazungumzo yamekwisha, chunga. Lakini kwa mtoto hayakwisha. Hata tulipooana tukahamia huku Bariadi, kila mvua ikikatika alitoka nje kutazama mashariki, na mimi nikadhani anatafuta mawingu.

Kisha ukaja ule wakati wa soko huria. Sisi tulizoea kupeleka pamba kwenye chama cha ushirika, tukapewa karatasi, tukangoja hela mpaka tukasahau tulilima nini. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wanalipa papo hapo, wanabembeleza mkulima kama mtu wa maana. Madukani vitu vikarudi: sabuni, sukari, vitenge, baiskeli ambazo fremu zake bado zimeviringishiwa makaratasi. Mabula alikuwa nayo moja. Mwaka huo akanunua ya pili, ya kike, akaniletea mimi. Majirani walijua ni ya kubebea maji.

"Ng'wana Maduhu," akaniambia, maana alizoea kuniita kwa jina la baba yangu, "pamba tumeuza, mahindi yako ghalani. Twende tukauone ule mlima. Tuupande, tushukie upande wa pili, turudi."

"Kuna nani kule?"

"Hakuna mtu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwanangu, wakati ule mtu wa kwetu alisafiri akiwa na sababu. Alikwenda harusini, kwa mgonjwa, kufuata ng'ombe, kwa mganga, au msibani. Kusafiri kwa ajili ya kutazama tu tuliwaachia wazungu wanaopita kwenda Serengeti. Lakini nilikuwa kijana na baiskeli yangu ilikuwa inang'aa. Nikafunga michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, tukaondoka.

Hapa lazima niseme jambo la breki, kwa sababu ninyi mmekulia kwenye bodaboda. Udongo wetu mweusi wa mbugani mvua ikiunyeshea unageuka ulimbo. Unajaza madigadi, yale mabati ya juu ya tairi, unashikana na breki, tairi halizunguki, unaishia kuibeba baiskeli wewe badala ya yenyewe kukubeba. Kwa hiyo kila mwanaume alifungua madigadi, akang'oa vyuma vya breki, akavitupa darini. Nani angezihitaji? Huku kwetu ukitaka kusimama unaacha tu kukanyaga, au unasugua tairi kwa katambuga, zile ndala zetu za matairi ya gari. Mabula aliing'oa hata breki ya baiskeli yangu mpya, ambayo haijaonja tope hata siku moja, wakati wa kiangazi, kwa mazoea tu. Na katambuga zake akaziacha nyumbani. Alivaa viatu vya ngozi vya mtumba, soli laini, kwa kuwa eti mtu hawezi kwenda kutembea amevaa viatu vya kuchungia. Mimi nilivaa katambuga zangu. Akanicheka njia nzima hadi Lagangabilili, ambayo siku hizo ilikuwa kijiji tu, haina ofisi ya serikali ya mtu kama wewe kukalia kiti cha kuzunguka.

Hadi Kimali kila mlango ulikuwa wa ndugu. Tukakaribishwa, tukachekwa, tukaambiwa tumerogwa, tukapewa maziwa. Mambo yaligeuka tulipopita Kimali na kuingia kijiji tusichojua mtu. Filimbi ikalia. Wakatokea sungusungu, wale walinzi wa kijiji, na pinde na mishale. Wiki hiyo walikuwa wameibiwa ng'ombe.

"Mwadila," akasema mkubwa wao. Tukaitikia. "Mnatoka wapi?"

"Bariadi."

"Mnakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu," Mabula akajibu kwa furaha kabisa. "Tunatembea."

Wakatazamana. Mtu na mke wake, baiskeli mpya, hawana mzigo wa kuuza, hawaendi kwa mtu. Wakatuketisha chini juani. Swali likawa lile lile, kila anayefika analirudia, na sisi kila tukisema ukweli tunazidi kunuka wizi. Mabula alizitazama zile pinde, akanitazama mimi, kisha akainamisha kichwa.

"Wazee wangu, mtanisamehe. Nilikuwa naficha kwa sababu ya huyu mama. Tunakwenda msibani, Magugu, ng'ambo ya mlima. Mjomba wake Ngasa amefariki. Yeye anajua anaumwa tu."

Nilipiga ukelele. Mjomba Ngasa! Kaka yake mama, mzima wa afya, yuko Maswa kwenye kinu cha pamba, ana sauti ya kukushtua ukiwa nyumba ya tatu. Nilipiga ukelele wa mshangao, mwanangu, lakini wao walisikia wa uchungu. Pinde zikashuka. Mkubwa wao akavua kofia. "Pole, mayu," akaniambia, yaani pole mama, na akawapa vijana wake wawili kazi ya kutusindikiza hadi mwisho wa kijiji ili asitusumbue mtu.

Tulipoachwa peke yetu, tulicheka mpaka machozi. Nakwambia ukweli, tulicheka. Na kuanzia hapo msiba ndio ukawa pasi yetu. Ukifika mahali ukaulizwa mnakwenda kwa nani, unasema msibani, na kila kitu kinafunguka: maji, kitanda, uji wa asubuhi. Ni njia nzuri sana hiyo. Ubaya wake ni kwamba wazee walishasema njia ya mwongo ni fupi, na sisi tulikuwa na safari ndefu.

Maana mfiwa hacheki. Mfiwa hasimami kuoga mtoni. Siku moja tulikuta twiga wamesimama karibu kabisa na njia, wametulia, na Mabula uso wake ukawaka kama wa mtoto. Lakini tulikuwa tumeandamana na wanaume wawili waliotuonea huruma, wanatuhimiza tuwahi mazishi. Tukawapita wale twiga tumeinamisha vichwa. Tulikuwa tumeondoka nyumbani kutafuta furaha, sasa tunaipita njiani hatuisalimii.

Lililoniuma zaidi ni la mama mmoja mjane, upande wa pili wa mto Sibiti. Tulifika kwake jua linateremka. Aliposikia msiba, alifungua khanga yake ya kiunoni akanifunga mimi, akakaa chini pamoja nami, akaanza kulia. Mwaka huo huo alikuwa amemzika mwanawe wa kiume. Kuna methali inasema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Siku ile aliyeanza ni wa mbali, na mimi mfiwa wa uongo nikafuata. Nililia kweli, lakini kwa aibu. Asubuhi nikamwambia Mabula, "Tuache jambo hili." Akasema, "Tukivuka mlima tutaacha."

Mlima wenyewe ukaanza. Usifikiri niliupanda kama wale vijana mnaowatazama kwenye simu, wamevaa kofia za plastiki. Sehemu kubwa tulizikokota baiskeli kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Baridi nayo! Sikujua kama Mungu ameweka baridi ya namna ile katika nchi moja na Bariadi. Mashamba ya Wambulu yamening'inia mabondeni, ng'ombe wao wadogo wanene wanatutazama, na kila ukidhani umefika juu, kuna juu nyingine. Lakini moyo wangu, mwanangu, ulikuwa unapanuka. Nilimwelewa mume wangu kwa mara ya kwanza. Nilitamani kupiga vigelegele, nikakumbuka nimefiwa.

Kwenye mteremko mdogo wa kwanza Mabula akapanda baiskeli yake. Ikaanza kukimbia. Akaweka kiatu kwenye tairi, kiatu kikateleza, akaweka tena, nikasikia harufu ya ngozi inaungua. Aliishia kwenye shamba la maharage la mtu, goti linavuja damu, soli imetoboka. Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa na kila tuliyekutana naye kwamba mteremko wenyewe uko mbele.

Pale juu kabisa, barabara inapoanza kuporomoka kwenda bondeni, palikuwa na nyumba moja, na nje yake mzee amejifunika blanketi anachonga mpini. Jina lake Mzee Amsi. Nilishuka, nikapiga goti kama tulivyofundwa, "Shikamoo babu." Mchana ulikuwa umekwenda na ukungu ulikuwa unapanda kutoka chini.

"Marahaba, mjukuu. Mnakwenda kwa nani?"

Mabula akasema lile lile. Msiba, Magugu, mjomba.

Mzee akaacha kuchonga. Akainuka, akaizunguka baiskeli ya Mabula, akainama. "Breki?"

"Kwetu huwa tunazitoa, babu. Tope."

"Hapa hakuna tope, kuna korongo." Akatazama ukungu, akatutazama sisi. "Sikilizeni. Kwa kawaida mtu na baiskeli simwachi ashuke saa hizi, hata iwe na breki mbili. Namlaza hapa, asubuhi namkatia tawi zito la mti, namfungia nyuma, linaburuta chini, ndipo anashuka nayo ameishika mkononi. Hata tawi lenyewe sasa sina, mpaka niingie msituni kesho. Lakini msiba siwezi kuushika. Maiti hamngoji mtu. Basi nendeni, Mungu awashike."

Unaona, mwanangu? Mlango wa kulala ulikuwa wazi kabisa mbele yetu, na uongo wetu ndio uliotufungia. Nilimtazama Mabula. Nilijua anawaza kama mimi, na nilijua hawezi kusema. Mwanaume aliyeanza uongo mbele ya pinde anaona afadhali korongo kuliko aibu. Akaipanda baiskeli, akaweka mguu kwenye pedali. Mimi nikaidaka keria.

Yule mzee hakuona. Alikuwa amevua kofia, amefumba macho. "Niambieni jina la marehemu," akasema, "nimwombee kabla hamjashuka."

Mabula akainama kutazama mnyororo.

"Jina lake nani, mjukuu?"

Ndipo nikasema. "Babu, usimwombee. Hajafa. Hakuna msiba."

Mabula aliteremka polepole, akasimama kama mtoto aliyevunja mtungi. Mzee Amsi alivaa kofia yake, akakaa, akachukua mpini wake, akachonga kidogo. Sauti yake haikupanda.

"Mtu akinijia na msiba, mimi namfungulia nyumba, namfungulia na moyo. Kesho akija mfiwa wa kweli, nimfungulie kwa moyo upi? Mmekula machozi ya watu tangu wapi?"

"Tangu Meatu," nikajibu, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli.

"Hm. Kutoka Meatu." Akachonga tena. "Na mlikuwa mnakwenda kwa nani hasa?"

Mume wangu akafungua mdomo, na nilidhani atatunga kingine. Lakini alisema, macho chini, "Kwa mlima, babu. Nilikuwa nauona tangu nachunga. Kwetu unaonekana kama mstari wa buluu. Nilitaka tu kuja kuuona."

Mzee akaweka mpini chini. Kisha akageukia nyumba, akamwita mke wake. "Mama! Bandika maji ya ugali. Tuna wageni."

"Wanapita?" mkewe akauliza kutoka ndani.

"Hawapiti. Wamekuja kwetu." Akatugeukia, na niliona macho yake yana maji. "Nimezaliwa hapa. Watu wanapita hapa na mizigo yao, na wagonjwa wao, na misiba yao, wanaulaani mlima huu mpaka wanaumaliza. Sijawahi kumwona mtu aliyekuja kwa ajili yake. Na wewe, mjinga wewe, ulitaka kunipita kwa uongo."

Tulikula ugali na maziwa ya mgando. Asubuhi ukungu ulikuwa umeondoka, akatupeleka kwenye ukingo. Chini kabisa ziwa linameta, tambarare imetandikwa mpaka macho yanachoka. Mabula alinishika mkono mbele ya mzee wa watu, jambo ambalo Msukuma wa wakati ule hakulifanya hata kwao. Kisha tukafungiwa matawi, tukashuka kwa miguu, baiskeli mkononi, matawi yanaburuta nyuma yetu kwa kelele. Kwenye kona moja barabara ilikuwa imemegwa nusu nzima. Kando yake ni hewa tupu. Mabula alisimama pale, akaitazama, akavua vile viatu vyake vya ngozi akavitupa bondeni. Alitembea peku hadi chini.

Kabla ya kutuaga, Mzee Amsi alikuwa ametupa sharti moja. Turudi kwa njia ile ile tuliyojia, na kila tuliyemliza tumwambie. Tulirudi, mwanangu, na kurudi kulikuwa kupanda kugumu kuliko mlima. Sungusungu walitukaripia sana, kisha wakacheka sana. Yule mama mjane hakucheka. Nilimrudishia khanga yake imefuliwa, imekunjwa. Alitupa maji ya kunywa, maana si mtu wa kumnyima mpita njia maji, lakini hakutukaribisha kukaa. Mpaka leo nikishika kata ya maji namkumbuka.

Mjomba Ngasa yeye, tulipokwenda Maswa kumwomba radhi, aliangua kicheko mpaka kuku wakakimbia. Akadai aletewe rambirambi zake akiwa bado anaweza kuzila. Lakini miaka ilipopita akafariki kweli, na habari zikapelekwa kila upande. Watu wa Kimali, waliokuwa wamesikia ule msiba wetu wa uongo, walisita. Mmoja alimtazama aliyepeleka habari akamuuliza, "Gete? Safari hii ni kweli?" Wakafika tumeshazika. Yule mzee mwenye sauti kubwa alizikwa na watu wachache.

Sasa tuje kwako. Juzi nilikuwa hapa uani napeta mtama. Likasimama gari la ofisi, wakashuka wenzako watatu kutoka Lagangabilili, wanawake wamejifunga khanga, mwanaume amebeba mfuko wa sukari. Nyuso zao zimeinama. Nikawakaribisha. Wakaniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani mama, ndipo nyumbani kwa marehemu shangazi yake fulani?" Wakakutaja jina.

Nikawaambia, "Ndipo. Marehemu ni mimi. Karibuni chai."

Yule dada mfupi alilia, mwanangu. Kumbe mama yake amezikwa mwezi uliopita, na wewe ulikuwepo, ulibeba jeneza. Alikuja kukulipa machozi yako. Na wewe ulikuwa Mwanza na rafiki zako, mnatazama ziwa.

Sikulaumu kwa kutaka kuliona ziwa. Hilo ulishike vizuri, ndilo nililokuitia. Tembea uone, ndivyo walivyosema, na mimi niliyepanda mlima kwa baiskeli isiyo na breki siwezi kumwambia mtu abaki nyumbani. Ninalokuambia ni hili: furaha si wizi, usiifiche chini ya sanda. Ukitaka kwenda kupumzika, nenda kwa mkubwa wako umwambie nataka kupumzika. Akikunyima, amekunyima ruhusa tu. Lakini ukiomba kwa msiba, utakwenda kwenye furaha yako umevaa uso wa mfiwa, huwezi kucheka mbele za watu, huwezi hata kusimulia uliyoyaona. Na ile siku utakayolia kweli, watu watauliza gete kwanza ndipo waje. Nimebakiza miaka michache, na siku yangu ikifika, mimi nataka watu waje bila kuuliza.

Mfuko wa sukari ule pale, sijaufungua. Kesho utaurudisha mwenyewe, kwa mkono wako, kuanzia kwa yule dada. Akikupa maji asikukaribishe kukaa, kunywa, ushukuru, uondoke.

Kisha uombe likizo yako halali, unipeleke Mbulu. Nasikia siku hizi barabara imetengenezwa. Mzee Amsi bila shaka alishalala, lakini watoto wake watakuwepo pale juu. Wakituuliza tunakwenda kwa nani, nitaacha ujibu wewe.

Mungu aliyeninyoosha mikono nikaikamata ile keria akuwekee nawe mtu wa kukushika unapotaka kuporomoka. Akupe safari ndefu, na nyumba ya kufikia kila jua linapoteremka. Na kinywa chako kiwe na breki, mwanangu, hata baiskeli ikikosa.